Maandazi yangu anagawa, matobolwa ya mama yake anakula

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Igoma hapa Mwanza. Kwetu ni Tanga. Niliolewa na Msukuma wa Magu miaka minne iliyopita na sina neno baya juu yake. Halewi, hanipigi, hela ya matumizi hainipiti pembeni. Ninachokuandikia utakiona kidogo. Dada yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka akakata. Lakini mwenzenu silali.

Mume wangu ni traka, mfuata nyayo, kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii huko Pori la Akiba la Maswa. Msimu ukifunguliwa Julai anaondoka, na mpaka mwisho wa mwaka namwona mara mbili, tatu zikizidi. Kazi yao ni ya mateso, Shangazi. Anasema gari linaondoka kambini saa kumi na moja alfajiri. Wakikuta nyayo mbichi za nyati wanashuka na kuzifuata kwa miguu, pengine mpaka saa nane mchana, jua la utosi. Mgeni ana boksi lake la chakula, ila limebaki kwenye gari, na gari limeachwa huko nyuma. Traka anakula alichonacho mfukoni. Ugali anaukuta kambini saa mbili usiku.

Basi mimi nikajipa kazi ya huo mfuko. Napika maandazi ya biashara, wateja wangu wa Igoma wanayajua. Siku ya safari yake naamka saa nane usiku, nakanda kilo mbili za ngano kwa tui la nazi mbili, iliki natwanga mwenyewe. Naweka kwenye ndoo ya lita kumi yakiwa bado ya moto, nafunika mpaka kifuniko kinalia ta, ili yamfikie laini. Juu yake naongeza biskuti za pakiti, kaukau, na soda mbili. Mwaka juzi nilimwekea na dagaa wa kukaanga niliowanunua Mwaloni. Hao aliniambia mwenyewe, huku anacheka, kwamba mzee wao wa kambi alimtembeza nyuma ya wote siku mbili kwa ajili ya ile harufu. Nikaacha dagaa.

Sasa basi la kwenda Bariadi linapita Magu. Pale stendi mama mkwe anakuwa amesimama tangu asubuhi na kifuko chake cha kitenge. Anakipitisha dirishani, wanasalimiana dakika mbili, basi linaondoka. Ndani ya kifuko kuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Wewe ni mtu wa huku unayajua. Mimi nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni maganda ya mti, na nilisema kwa sauti, mbele yake, kwamba kwetu hicho tungekiita chakula cha njaa. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, sikujua kufunga mdomo.

Desemba iliyopita rafiki yake wa kazini alipita nyumbani kuleta mzigo. Akaniambia kwa furaha, "Shemeji, sisi kambini tunakuita Mama Maandazi. Usiku wa kwanza wote tunakusubiri wewe." Nikafurahi. Nikamuuliza, na mwenyewe je, yanamtosha? Akasema, "Yeye hagusi siku hizi, tangu yale yalipomharibu tumbo mwaka juzi. Yeye na matobolwa yake. Na hayo hagawi." Halafu akaona uso wangu, akaaga haraka.

Shangazi, mwaka juzi! Misimu miwili naamka saa nane usiku kuwapikia wanaume nisiowajua.

Mume wangu aliporudi nilifungua begi lake kufua nguo. Kwenye mfuko wa shati la kazi nikakuta vipande vitatu vya matobolwa vimefungwa kwenye kitambaa. Kitambaa chenyewe nilikishona mimi, nikakitarizi herufi zetu mbili, nilimpa cha kufungia chapati. Kinafungia chakula cha mama yake.

Nilimuuliza kwa upole mbona maandazi hali. Akasema ni mazito kubeba. Nikamwambia mbona ndoo unaibeba kutoka hapa. Akanyamaza. Usiku akanigeuzia stori ya mgeni wao mmoja kutoka Marekani, eti kwao anawinda yule mnyama wao mwenye pembe kama matawi, anapanda kwenye kibanda juu ya mti gizani na kushuka gizani, na chakula chake ni karanga na nyama kavu alivyovitoa kwenye makaratasi tangu nyumbani ili visilie. Mgeni huyo alionja matobolwa akaomba mengine. Mimi nikasikia jambo moja tu: hata Mzungu amepewa.

Mwezi ujao anaondoka. Nina mawazo matatu. La kwanza, nisimfungie kitu, aende na kifuko cha mama yake tuone. La pili, nimpigie mama mkwe nimwambie mwanawe sasa ana mke, aache kusimama stendi. La tatu, nikae kimya nipike kama kawaida, maana nyumba haivunjwi na maandazi. Nikiamka nalo hili, usiku nalala na lile. Na hata nikitaka kumfungia, sijui tena nimfungie nini. Nisaidie.

Mke wa Traka, Igoma

*

Marahaba, mwanangu.

Dada yako alicheka. Mimi sikucheka, ingawa pale kwenye dagaa nilitabasamu, unisamehe. Mtu anayeamka saa nane usiku kukanda kilo mbili za ngano kwa ajili ya mtu mmoja hana jambo dogo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kama umetia vitu viwili kwenye ndoo moja ukafunika. Kimoja ni chakula: mtu anayetembea porini toka alfajiri mpaka usiku afungiwe nini. Kingine ni wewe na mama mkwe wako, na nani yuko karibu zaidi na mfuko wa lile shati. Vikikaa pamoja vinachachushana. Niruhusu nianze na cha kwanza, kwa sababu nahisi sehemu ya maumivu yako imetoka humo bila mtu kukusudia.

Maandazi yako ni ya Tanga, ya tui. Utamu wake ndio huo, na udhaifu wake ni huo huo. Nazi haina subira. Halafu unayafunga ya moto. Ule mvuke unaotaka yabaki nao unapanda, unagonga kifuniko, unageuka matone, unarudi chini. Ukifungua siku ya pili utakuta kifuniko kinatoa jasho kwa ndani. Siku ya tatu yananata. Siku ya nne yana manyoya ya kijani, na ukungu ukishaonekana juu mizizi yake imekwishaingia ndani, kubandua kile kipande hakusaidii. Mumeo anasafiri siku nzima, pengine analala Bariadi akingoja gari la kampuni. Anapoianza siku yake ya kwanza ya kazi, ndoo ile tayari ina umri.

Nakwambia haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilikuwa na kaka anayevua sangara, kambi yao ilikuwa kisiwani upande wa Ukerewe. Nikajifanya dada mwema, nikampelekea sufuria la wali na maharage kwa boti ya asubuhi, limefungwa khanga mbili lisipoe. Lilifika jioni. Kaka yangu aliniambia ulikuwa mtamu sana, wamekula wote. Miaka mingi baadaye mwenzake akanisimulia jinsi walivyoumwagia samaki.

Sasa tazama matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa, vinaanikwa juani, na kwa huku kwetu pa kuanikia ni juu ya mawe haya haya unayoyaona kila kona ya Mwanza. Vinakaa hapo siku kadhaa mpaka ukivichota vinalia kama kokoto. Maji yote yametoka, na ukungu bila maji hauna pa kuishi. Usichanganye na michembe, ambayo hukatwa vikiwa vibichi, na hiyo mpaka uipike. Tobolwa unalitia shavuni hivi hivi, unaliacha lilainike, linatoa sukari yake taratibu huku unatembea. Halina karatasi, halina mafuta, halipondeki ukilala chali chini ya mti. Uliliita chakula cha njaa. Ni kweli, Wasukuma walikiweka kwa ajili ya miezi ya ghala tupu, na ndiyo maana kinadumu.

Na porini kuna mambo mawili ambayo jikoni Igoma hayapo: sikio na pua. Muulize akuonyeshe ile soksi ya majivu. Wafuata nyayo wengi hutembea na kifuko cha majivu, wanakitikisa kidogo, vumbi linawaonyesha upepo unaelekea wapi, kwa sababu nyati au swala akikunusa kabla hujamwona, kazi ya saa tano imekwisha. Mtu anayepima upepo kwa majivu huwezi kumtia dagaa wa kukaanga mfukoni. Kaukau na pakiti ya biskuti, zile karatasi zinavyolia, swala pala anazisikia kabla hujafika kwenye biskuti yenyewe. Soda inafunguka kwa mlio, na sukari yake inaacha kiu nyuma.

Ile stori ya mgeni wa Marekani ambayo ulisikia "hata Mzungu amepewa", mimi niliisikia tofauti. Mnyama yule Kiswahili cha Biblia kinamwita ayala. Huku kwetu hayupo, ndiyo maana mumeo alikosa jina akakuchorea pembe. Wengi wanaomwinda kule hukaa, hawatembei. Katika jimbo kama Wisconsin wanamwinda kwa bunduki Novemba, kwenye baridi ya kugandisha maji, mtu kajikunja kibandani juu ya mti kwa muda wa saa kumi bila kukohoa. Anahitaji cha kumtia joto na kumwondolea usingizi, na kisicholia. Hata chokoleti inamfaa, baridi inamtunzia. Ukimpa chokoleti mumeo, kufika saa tano asubuhi ni mchuzi mfukoni. Yeye anatembea kwenye jua, na mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza karibu lita nzima ya jasho kwa saa moja. Kwa hiyo kabla ya chakula chochote, muulize maji anabeba kiasi gani. Chakula kikavu bila maji ni mzigo tumboni.

Lakini mwanangu, mume aliyechoka, usiku, ameulizwa swali gumu, halafu ghafla anaanza kusimulia kinachofaa na kisichofaa kubeba porini, mpaka na makaratasi. Huenda alikuwa anakujibu kwa kupitia Marekani. Wanaume wa aina hiyo wapo. Njia yao ya kufika mlangoni inazunguka nyuma ya nyumba.

Hapo nataka tukae kidogo. Kuhusu dagaa alikwambia mwenyewe, akicheka. Kuhusu maandazi, ambayo yalimwumiza, hakukwambia. Umewahi kujiuliza kwa nini? Dagaa ulinunua Mwaloni. Akisema dagaa wananuka, aliyekosea ni dagaa. Maandazi ni wewe. Ndiyo biashara yako, ndiyo kwenu, ndiyo usingizi wako. Inawezekana alikula yale ya siku ya nne kwa sababu yalikuwa yako, yakamtandika tumbo katikati ya pori, akaapa kimoyomoyo usijue. Inawezekana pia alikwepa tu maneno. Mimi simo kifuani mwake. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba kunyamaza huko misimu miwili ni kosa lake, lisigeuzwe likawa lako. Angesema neno moja Desemba ya kwanza, leo ungekuwa umelala.

Umesema anagawa yako na kula peke yake ya mama yake, ukasoma humo dharau. Isome tena ukiwa umeshika ndoo. Kinachoharibika kesho kinaliwa leo, na watu wote. Kinachodumu wiki tatu kinahesabiwa, vipande vitano kwa siku, na hakigawiwi, kwa sababu kikiisha hakuna duka. Hivyo ndivyo msafiri yeyote angefanya hata kama majina yangebadilishwa, matobolwa yawe yako na maandazi ya mama yake. Na kambi nzima ya wanaume inakungoja usiku wa kwanza na kukuita kwa jina. Sina hakika kama hilo ni la kulilia.

Kitambaa sitakutetea wala kumtetea. Najua kiliuma, macho yaliona herufi zenu zimefunga kitu cha mtu mwingine. Ila fikiria kilikokuwa: mfuko wa shati la kazi, kila siku, miezi yote. Chapati zingeisha wiki ya kwanza nacho kingerudi chini ya begi.

Sasa hayo mawazo yako matatu.

La kumwacha aende mikono mitupu naelewa linavyovutia. Unataka ahisi pengo. Hatari yake ni kwamba halitasema unachotaka liseme. Ataondoka akijua umekasirika, hajui kwa lipi, na atakaa nalo porini miezi, mahali ambapo akili inatakiwa iwe kwenye majani yaliyolala upande na siyo Igoma. Na wewe utabaki ukingoja aseme neno, huku umeshajua kwamba kusema si kipaji chake. Lakini pia sisemi ni haramu. Kuna mke aliyechoka kweli, na kupumzika msimu mmoja kwa kusema wazi, "Baba fulani, mwaka huu sipiki usiku, nimechoka," ni kitu kingine kabisa na kumnunia.

La kumpigia mama mkwe lina miiba zaidi. Yule mama, kama nimeelewa, anamwona mwanawe dakika mbili kwa msimu, dirishani. Wewe unazihesabu kama wizi. Yeye pengine anazihesabu kama zilizobaki. Ukimwambia aache kusimama stendi, atakayejua wa kwanza ni mumeo, atakapofungua dirisha Magu akakuta hamna mtu. Na kumbuka kuna neno ulilitamka mbele yake ukiwa bibi harusi. Wazee hawasahau, ila wengi husubiri. Nimejiuliza kama ile hoja ya matobolwa, kwake yeye, haikuanzia siku ile.

La tatu, kupika kama kawaida na kunyamaza, ndilo linaloonekana la amani, na ndilo linalonitia wasiwasi. Sasa mtakuwa wawili mnaojua na kutosema. Hata hivyo kuna ndoa zilizopita kwenye ukimya kama huu zikatoka salama, siwezi kukuambia yenu haitaweza.

Kuna la nne ambalo hukuliandika. Kabla hajaondoka, mwulize akuonyeshe siku yake. Usimuulize kwa nini hali. Mwambie, nionyeshe mfuko gani unaweka nini, saa ngapi unakula, unakula umesimama au umekaa, mikono yako ikoje. Traka anajua kueleza mambo kwa nyayo. Mpe nyayo za kuonyesha, huenda na lile la tumbo likatoka lenyewe. Huenda pia lisitoke. Na kama atakwambia ukweli, uwe tayari kuusikia bila kutupa ndoo.

Umeniuliza umfungie nini. Kama bado unataka, una mkono wa pwani, na pwani wana vitu vinavyodumu kuliko unavyokumbuka. Kashata za karanga ukizipika mpaka sukari ikakaza vizuri, ukazikata vipande vya kutia mdomoni mara moja, zinakaa wiki kadhaa kwenye kopo kavu lililofungwa. Ubaya wake, sisimizi wanazipenda na unyevu unazinatisha. Visheti vilivyokaushwa vizuri navyo vinadumu. Karanga za kukaanga na chumvi kidogo zina nguvu kubwa kwa uzito mdogo, gramu 100 zina takriban kalori 570, na ile chumvi inafidia jasho. Hapa kuwa mkali sokoni: chagua karanga moja moja, yenye rangi ya ukungu au iliyosinyaa tupa, usiseme itaungua kwenye kikaango. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Pipi nazo zitoe kwenye karatasi hapo nyumbani, kama yule mgeni.

Kuna kimoja ningekuomba usimfungie hata kama Mmarekani anakila: nyama kavu. Utaikausha ya ng'ombe, safi, kutoka buchani kwako Igoma. Ikishakauka na kuwa nyeusi, ndani ya begi la mtu anayetoka pori la akiba, nani atamwambia askari wa wanyamapori kwamba ni ng'ombe? Kukutwa na nyama ya porini bila kibali ni kesi kubwa. Karatasi ya bucha haitasafiri naye miezi mitano.

Na maandazi? Sitakuambia uyaache. Kambi ina usiku wa kwanza, na usiku huo ni wako. Unaweza kukanda machache bila tui kwa ajili ya siku ya pili na ya tatu, ukayatandaza kwenye ungo usiku kucha yapoe kabisa kabla ya kuyafunika kwa kitambaa. Yatakuwa magumu kidogo. Wateja wako wa Igoma wangeyakataa.

Usinichukulie neno langu. Leo jioni, kabla hujalala, toa maandazi mawili ya kazi yako ya leo. Moja lifunge kwenye kopo likiwa la moto, jingine liache lipoe halafu ulifunge kitambaa. Yaweke juu ya kabati, mtoto asiyafikie. Siku ya nne yafungue yote mawili mkiwa wawili, wewe na yeye, mezani.

Magu viazi vinachimbwa sasa hivi. Basi kutoka Igoma ni asubuhi tu kwenda na kurudi. Ukitaka kwenda, sikutumi kuomba msamaha wala kugombana, nenda ukaone vinavyoanikwa. Mwamkie kwa kwao, mwangaluka mayu, uone uso wake. Ukitaka usiende, pia nitaelewa, kuna vidonda ambavyo havitaki kuguswa mwezi huu.

Ila kuna kitu kimoja hukuniandikia na kimenisumbua tangu jana. Vile vipande vitatu ulivyovikuta kwenye kitambaa, ulivifanya nini? Ulionja hata kimoja?